Jinsi ya kununua, kutunza na kunywa waini nyekundu nzito bila kuiharibu na joto letu

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Shemeji yangu alirudi toka Cape Town mwezi wa tisa na chupa ya waini nyekundu, Pinotage ya shamba la Kanonkop, akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema shem hii sio ya kunywa hovyo, itunze mpaka sikukuu. Nikaitunza kweli, juu ya friji, Tabata, nyumba ya bati, miezi mitatu na ushee. Krismasi saa saba mchana jua linawaka nikaifungua, nikamimina kwenye glasi za bia mpaka juu, nikampa baba mkwe wa kwanza kwa heshima zote. Mzee akapiga funda moja, akaiangalia glasi, akaniangalia mimi, akasema "Mkwe, huu ni mti gani mmechemsha?"

Na alikuwa sahihi, ile kitu ilikuwa ya moto, chungu, inaunguza koo kama konyagi. Nikajua basi waini za wenyewe ndo zilivyo, sio za kwetu. Miaka miwili baadaye jamaa mmoja aliyekuwa mhudumu wa hoteli akanionjesha chupa ya shamba lilelile ikiwa imetunzwa na kupozwa vizuri, nikabaki nashangaa, yani ni kama vinywaji viwili tofauti. Kwaiyo haya hapa chini ndo niliyojifunza toka siku ile, kwa wale wanaokunywa. Asiyekunywa asijisikie vibaya, apite tu.

Hatua ya 1: Jua kwanza "nzito" maana yake nini

Wengi wakisikia waini nzito wanafikiria kali, au yenye sukari nyingi. Hapana. Fikiria tui la nazi. Ukikamua mara ya kwanza unapata tui zito linalokaa mdomoni, ukirudia kukamua machicha yaleyale mara ya pili na ya tatu unapata lile jepesi linapita kama maji, na yote ni tui. Waini ni hivohivo, kuna inayopita na kuna inayokaa. Inayokaa huwa na kilevi cha juu kidogo, asilimia 14 hadi 14.5 mara nyingi, rangi yake imeshiba, na ina tanini.

Tanini ndo ule ukakasi. Kama umewahi kula bibo unajua nnachosema, ule mdomo unavyokauka na ulimi kuwa kama umepakwa vumbi. Au chai ya rangi iliyosahaulika na majani ndani. Kwenye waini inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kidogo kwenye pipa la mwaloni. Sio kasoro, ndo uti wa mgongo wa kinywaji chenyewe, na ndo inafanya chupa iweze kukaa miaka mingi bila kuharibika, ila ukiikuta haijatayarishwa vizuri inakupiga kofi.

Majina ya zabibu za kutafuta kwenye lebo kama unataka nzito: Cabernet Sauvignon, Shiraz ambayo wengine wanaandika Syrah, Malbec, na Pinotage. Na kama umezoea zile nyekundu tamu, nakuambia mapema hizi hazina sukari ya kuonekana, funda la kwanza utakunja uso, la tatu ndo utaanza kuelewa.

Hatua ya 2: Soma lebo, hasa neno "Estate"

Hapa nitakaa kidogo manake ndo watu wanapigwa. Neno "family" kwenye chupa lisikuchanganye, mtu yeyote anaweza kuandika familia, hata kiwanda kinachonunua zabibu za mashamba hamsini kina mwenyewe na mwenyewe ana familia. Afrika Kusini ukikuta "Estate Wine" kwenye lebo hiyo ni habari ya sheria, maana yake zabibu zimelimwa, waini imetengenezwa na kufungwa kwenye chupa palepale kwenye hilo shamba lililosajiliwa. Ufaransa wao wanaandika imefungwa kwenye chupa "au château" au "au domaine", wazo ni lilelile.

Afu kwa chupa ya Afrika Kusini angalia shingoni, kuna kastika ka kuthibitisha kenye namba. Kale ndo kanasema yaliyoandikwa kwenye lebo yamekaguliwa, asili, mwaka na aina ya zabibu. Kwa Afrika Kusini wakiandika mwaka, angalau asilimia 85 ya kilichomo lazima kiwe cha mavuno ya mwaka huo, na wakiandika aina moja ya zabibu vilevile asilimia 85. Mfumo wao wa asili ya waini ulianza 1973.

Uzito wa chupa yenyewe usikudanganye. Kuna chupa ukiibeba unaona kama umebeba tofali, kumbe ndani maji ya zabibu ya kawaida tu, kioo ndo umelipia.

Ngoja niwape mfano wa shamba lenyewe, hao Kanonkop. Wako kwenye miteremko ya chini ya mlima Simonsberg, Stellenbosch. Jina ni la Kiafrikaans, kilima cha mzinga, kwa sababu enzi za meli za matanga mzinga ulikuwa unapigwa kilimani kuwajulisha wakulima kwamba meli zimeingia ghuba ya Cape Town, wapakie mboga na vyakula wakauze. Shamba liko kwenye ukoo mmoja kizazi cha nne sasa, lilitoka kwa kina Sauer likapita kwa mkwe, Jannie Krige, afu kwa watoto wake (nyie wakwe mnaodharauliwa ukweni mnaona mambo hayo). Zamani walikuwa wanauza waini yao kwa jumla kwa makampuni mengine, mwaka 1973 ndo wakaanza kufunga chupa zenye jina lao.

Kilichowapa jina ni Pinotage. Hii ni zabibu iliyozaliwa Afrika, mwaka 1925, profesa Abraham Perold wa Stellenbosch alichanganya Pinot Noir ya Ufaransa na Cinsaut, ambayo kule walikuwa wanaiita Hermitage, ndo jina likaunganishwa. Watu wengi waliidharau kwa miaka, wakasema inanuka rangi ya kupaka ukutani, na ikitengenezwa vibaya kweli inanuka hivo. Pale shambani wana mizabibu ya Pinotage iliyopandwa 1953, bado inazaa, na waini ya hiyo mizee wanaifunga peke yake kwa lebo nyeusi tangu mavuno ya 2006. Mizabibu mikongwe inatoa zabibu chache lakini zilizoshiba. Kuchachua wanachachulia kwenye mabirika ya zege yaliyo wazi juu, maganda yanaelea, na watu wanasimama na miti mirefu kuyashindilia chini kwa mikono, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Ile rangi na ule ukakasi vinatoka kwenye hayo maganda, kwaiyo ukishangaa bei kumbuka kuna mtu aliamka saa nane usiku kushindilia.

Na nisiwe muongo, kuna upande mwingine. Waini yao kubwa inaitwa Paul Sauer. Huyo ni babu yao, waziri wa serikali ya makaburu, na ndo mtu aliyeongoza ile tume ya 1947 iliyotoa ripoti ya kuchora siasa ya ubaguzi kabla ya uchaguzi wa 1948. Na mashamba ya Rasi (huko Cape) kwa ujumla yalikuwa na mtindo wa "dop", kibarua analipwa sehemu ya ujira wake kwa waini ya bei rahisi, mpaka vizazi vikaharibika kwa ulevi, ulipigwa marufuku lakini uliendelea kimyakimya miaka mingi. Mimi nakunywa, sikatai, ila ninapoona neno "familia" kwenye waini ya kule huwa najiuliza na familia za walioshika mundu. Ukijua hili hutasimulia chupa kwa wageni kama unasoma tangazo.

Tuendelee.

Hatua ya 3: Dukani

Usinunue chupa iliyokaa dirishani inapigwa jua, wala ile ya rafu ya juu kabisa karibu na taa. Omba ya ndani ya boksi kama ipo. Igeuze uangalie mambo matatu: waini imefika shingoni au imeshuka, kizibo kimekaa sawa au kimesukumwa juu kinatuna chini ya karatasi, na kuna alama za kunatanata zimeteremka pembeni au hakuna. Kizibo kilichotuna maana yake iliwahi kupata joto kali, ikatanuka. Mimi niliwahi kununua moja ya hivo kwenye duka moja mjini, nikaona ofa, bei imeshuka nusu, kufika nyumbani inanukia jemu iliyoungua na siki kwa mbali. Niliporudisha muuzaji akaniambia "waini nyekundu ndo zilivyo bosi". Sawa bosi. Vumbi juu ya chupa halina shida, joto ndo shida.

Kama bajeti ndogo au wageni wengi, mashamba mengi yana "mdogo mtu", kwa hao niliowataja inaitwa Kadette, ni mchanganyiko wa Pinotage, Cabernet Sauvignon, Merlot na Cabernet Franc, haihitaji kusubiriwa. Pinotage yenyewe ni ya zawadi au mlo wa maana. Paul Sauer, ambayo zaidi ni Cabernet Sauvignon na inakaa miezi 24 kwenye mapipa ya mwaloni wa Ufaransa, hiyo ukinunua uifungue kesho ni kama kuvuna muhogo wa wiki mbili.

Ukitumiwa na mtu anayesafiri, iende kwenye begi la kupakia chini, imefungwa kwenye khanga au jinzi katikati ya nguo. Sio begi la mkononi, itaishia kwenye pipa la watu wa ukaguzi.

Hatua ya 4: Kuitunza

Inachotaka: giza, ubaridi usiopandapanda wala kushuka, utulivu, na kulazwa ili kizibo kibaki na unyevu. Nyuzi 12 hadi 14 ndo vizuri. Sasa Dar, Mombasa au Tanga nani ana nyuzi 14 ndani? Kwaiyo chaguo lako ni droo ya chini ya friji, ilaze, miezi kadhaa haitakuwa na tatizo. Ukipanga kuiweka miaka friji la kawaida sio mahali pake, hewa yake kavu inakausha kizibo. Juu ya friji, kama nilivyofanya mimi, ndo sehemu mbaya kuliko zote, friji linatoa joto lake juu na nyuma na linatetemeka siku nzima. Jikoni kwa ujumla hapana.

Walioko Njombe, Lushoto, Limuru mna bahati, uvungu wa kitanda unatosha.

Na hizi habari za kuweka miaka kumi, ni kweli waini nzito nzuri inaweza, ila kama huna sehemu ya baridi usijitese. Inywe ndani ya mwaka. Chupa iliyokaa mwaka mmoja kwenye joto la pwani inazeeka vibaya, sio inakomaa, inazeeka.

Hatua ya 5: Ipoze (hapa usiruke)

Kila mtu anakuambia nyekundu hainywewi baridi, inanywewa "joto la chumba". Chumba cha nani? Huo msemo umetoka Ulaya, kwenye nyumba za mawe, chumba kina nyuzi 16 mpaka 18 na watu wamevaa sweta ndani. Chumba changu mwezi wa kwanza kina nyuzi 31 na feni inazungusha joto lilelile. Waini nzito kwenye nyuzi 31 kilevi kinapanda puani, tunda linapotea, unabaki na moto na uchungu. Ndo kilichompata baba mkwe.

Ifanye hivi. Kama imekaa nje, iingize friji dakika 45 hadi saa nzima kabla ya kufungua. Kama imelala friji tangu jana, itoe dakika 30 kabla, manake ikiwa baridi sana nako ukakasi unazidi na harufu inajificha. Una haraka? Ndoo, barafu, maji, chumvi kiganja kimoja, dakika 10 hadi 15. Maji ni lazima, barafu tupu inagusa chupa sehemu chache tu. Friza usitumie, sio kwamba haipozi, ni kwamba utasahau, na kesho utakuta kizibo kimetoka na friza zima limekuwa zambarau.

Na hotelini wakikuletea ya moto, omba ndoo ya barafu bila aibu. Mhudumu akikuangalia kama mshamba mwangalie hivohivo. Ila barafu ndani ya glasi hapana jamani, hapo unakunywa juisi ya maji.

Hatua ya 6: Kufungua

Kata karatasi chini ya ule mdomo wa chupa, futa, chomeka kizibuo katikati, zungusha mpaka libaki pindo moja nje, vuta taratibu ikiwa imenyooka. Kama huna kizibuo tafuta skrubu ndefu na plaizi, zungusha skrubu iingie, vuta na plaizi, inatoka vizuri kabisa. Ile ya kugonga kitako cha chupa ukutani na kiatu nimeona watu wanafanya kwenye video, nimeona pia mtu anashonwa nyuzi nne. Kizibo kikikatika na kukwama, kisukume ndani tu afu mimina kwa chujio la chai, hakuna anayekufa.

Zenye kifuniko cha kuzungusha kama soda usizidharau, kifuniko hakisemi lolote kuhusu ubora.

Nusa kabla ya kumimina. Ikinuka boksi lililonyeshewa mvua au nguo zilizokaa na unyevu, hiyo imeharibiwa na kizibo, haitadhuru mtu lakini haitapona hata uiache siku nzima. Kama ni hotelini irudishe.

Hatua ya 7: Ipe hewa

Kuchomoa kizibo na kuiacha chupa mezani haisaidii sana, shingo ni nyembamba, hewa inagusa eneo kama la sarafu. Mimina kwenye jagi la kioo, hili hili la juisi, ila lisuuze mara tatu lisiwe na harufu ya sabuni. Iache dakika 45 hadi saa moja kwa waini changa nzito. Joto likiwa kali liweke jagi kwenye beseni la maji baridi. Utaona tofauti, ule ukali wa mwanzo unalainika, vinaanza kutoka vitu kama zambarau mbivu, moshi, kahawa.

Kama ni chupa nzee, ya miaka kumi na zaidi, taratibu ni nyingine. Isimamishe siku moja kabla mashapo yatue, mimina polepole huku umewasha tochi ya simu chini ya shingo, ukiona weusi unaanza kuja simama. Na hiyo usiiache sana kwenye hewa, inanywewa palepale.

Hatua ya 8: Glasi

Glasi yenye tumbo na mdomo uliobana kidogo, jaza theluthi. Sio ubahili, ile nafasi tupu ndo harufu inakaa. Shika kijiti, ukishika tumbo mkono wako wenye joto unarudisha joto ulilotoka kulitoa. Basi, hayo ya kuzungushazungusha na kufumba macho ni hiari yako.

Hatua ya 9: Chakula

Hapa waini nzito inajilipa. Tanini inakamatana na mafuta na protini ya nyama, ukakasi unapungua, nyama nayo inakuwa kama imeongezwa utamu. Mbuzi choma, mishkaki ya ng'ombe yenye mafuta kidogo, mbavu, kitimoto rosti kwa wanaokula. Pinotage na moshi wa mkaa ni ndugu kabisa, si wenzetu wa kule nao wanakunywa kwenye braai yao, yani nyama choma. Chumvi ya kutosha inasaidia kulainisha.

Visivyofaa: pilipili kichaa, inawasha moto juu ya moto. Samaki wa mafuta kama vibua, mdomo unabaki na ladha ya msumari. Na keki. Kwenye masherehe yetu wanasubiri keki ndo wafungue chupa, afu watu wanasema waini chachu. Sio chachu, ulimi wako umejaa sukari. Ifungue na nyama, keki iende na soda.

Hatua ya 10: Kiasi, na kinachobaki

Chupa ya mililita 750 ni glasi 5 za maana. Hesabu ya haraka: chupa ya asilimia 14 ina mililita 105 za kilevi kitupu, bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina 25, kwaiyo chupa moja ni bia nne na kidogo. Wanaume watatu na chupa mbili mnazoziita kinywaji cha wanawake afu mnashika usukani, hapana, iteni bodaboda au mlale hapohapo.

Ikibaki rudisha kizibo na uiweke friji, siku mbili tatu bado iko sawa, itoe nusu saa kabla. Baada ya hapo inaanza kuelekea kwenye siki. Hiyo kaanga vitunguu na nyama ya ng'ombe ya mfupa mpaka ishike rangi, mwaga glasi nzima, acha ichemke bila kifuniko mpaka ile harufu ya kilevi iishe, ndo uweke nyanya na maji. Huo mchuzi nilimpelekea baba mkwe na ugali. Akala akamaliza, akauliza nyama nimenunua bucha gani.